Omukama Rumanyika na Wokovu wa Wazee Wetu Waliokufa Kabla ya Injili Kufika



Ndugu wapendwa, kila ufikapo mwezi wa Novemba, mwezi ambao Mama Kanisa ameutenga kwa ajili ya marehemu, parokia zetu za Karagwe na Kyerwa hupokea orodha ndefu za majina ya kuombewa katika Misa Takatifu. Katika orodha hizo huonekana jambo moja. Majina ya juu ni ya kina Yohana, Paulo, Anastazia na Tereza. Lakini kadiri mtu anavyorudi nyuma katika ukoo wake, majina ya ubatizo hukoma. Hubaki majina ya Kinyambo peke yake: majina ya wazee waliozaliwa, wakaoa, wakalima migomba na kufuga ng'ombe, wakafa na kuzikwa katika vibanja hivi hivi tunavyoishi leo, kabla mmisionari yeyote hajakanyaga ardhi hii. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo si la vitabuni tu. Je, wazee hao twaweza kuwaombea? Wako wapi? Je, Mungu aliwaumba ili wapotee kwa sababu tu walizaliwa mapema mno?

Majibu yanayosikika vijijini mwetu ni ya aina tatu. Wapo wahubiri wanaosema bila kutetemeka kwamba wazee wote hao wamo motoni, na kwamba kuwakumbuka ni kushirikiana na mapepo. Wapo wanaosema kwamba dini zote ni sawa, kwa hiyo swali lenyewe halina maana. Na wapo Wakristo wanaokwenda kanisani mchana na kurudi kwenye kubandwa usiku, kwa hofu kwamba wazee waliosahauliwa watawadhuru watoto. Majibu haya matatu yanapingana, lakini yote yana kasoro moja: hakuna hata moja linalowakabidhi wazee wetu mikononi mwa Kristo. Leo tungependa kuitazama njia ya Kanisa katika jambo hili, na tutaitazama tukiwa tumemweka mbele yetu mtu mmoja wa nchi yetu, Omukama Rumanyika wa Karagwe.

BIBLIA ILIPOFUNGULIWA BWERANYANGE

Rumanyika, mwana wa Ndagara, alishika utawala wa Karagwe katika miaka ya 1850, na makao yake yalikuwa Bweranyange. Wakati huo wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani, waliopitia Unyanyembe, walikuwa wamekwisha kufika hapa kutafuta pembe za ndovu, na kituo chao kilikuwa Kafuro, si mbali na makao ya mfalme. Hivyo jina la Mungu wa Ibrahimu lilikuwa limetajwa katika nchi hii kabla ya Mzungu wa kwanza kuingia.

Mwezi Novemba 1861 walifika Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Naili. Speke alikaa hadi Januari 1862. Grant, aliyekuwa anaugua mguu, alibaki kwa mfalme kwa miezi mingine kadhaa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, Speke anamsifu Rumanyika kuwa mtu mpole, mwenye akili ya kutaka kujua mambo, na mkarimu kwa wageni kuliko watawala wengi aliokutana nao njiani. Anaeleza pia kwamba mfalme huyo kila mwaka alitoa sadaka penye kaburi la baba yake, akitumaini kupata mavuno mema.

Sasa tuzingatie jambo moja ambalo lina uzito mkubwa kwa mada yetu. Speke anasimulia kwamba aliifungua Biblia mbele ya Rumanyika. Lakini aliifungua kwa ajili gani? Hakuifungua ili kumweleza habari za Yesu Kristo aliyekufa na kufufuka. Aliifungua ili kuthibitisha dhana yake mwenyewe kwamba ukoo wa kifalme wa Karagwe ulitokana na watu wa Uhabeshi, na kwamba kwa sababu hiyo ulikuwa bora kuliko watu wengine wa nchi hii. Dhana hiyo ya mbari, kama tujuavyo, ilikuja kuzaa matunda machungu sana katika eneo la Maziwa Makuu. Speke alijitolea pia kuwachukua watoto wa mfalme wakasomeshwe Uingereza, lakini jambo hilo halikutimia. Yeye alikuwa askari na mpelelezi wa nchi, hakuwa mhubiri.

Mwaka 1876 alifika Henry Morton Stanley, akakaa Kafuro na kumtembelea mfalme. Barua yake ya kuomba wamisionari kwa ajili ya Uganda ilikuwa imekwisha kuchapishwa London mwezi Novemba 1875. Rumanyika alifariki kiasi cha mwaka 1878. Tarehe 17 Februari 1879, Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, Wamisionari wa Afrika, waliteremka Entebbe. Misheni ya Kashozi, mama wa parokia zetu za Kagera, ilianzishwa mwaka 1892. Basi, Rumanyika alikiona Kitabu, asiipate Habari Njema. Alikufa wakati wajumbe wa Injili walikuwa karibu kufika mlangoni.

Hatusemi kwamba alikuwa mtakatifu. Alikipata kiti chake kwa kushindana na ndugu yake, akisaidiwa na bunduki za wafanyabiashara. Aliishi kama wafalme wa zama zake. Twamtaja kwa sababu ni mmoja wa wazee wachache wa zama zile ambao habari zao zimeandikwa, na kwa hiyo anaweza kusimama kwa niaba ya maelfu ambao hawakuandikwa popote. Kanisa linafundisha nini juu ya mtu kama huyu?

FUNDISHO LA MABABA NA HOFU YA KARNE NYINGI

Tangu karne ya 3 Kanisa limeshika fundisho kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Aliyelitamka kwa nguvu ni Mwafrika, Mt. Sipriani, Askofu wa Karthago, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Lakini hatuna budi kujiuliza: Sipriani alikuwa akisema na nani? Hakuwa akisema na mkulima wa nchi ya mbali ambaye hajasikia jina la Kristo. Alikuwa akisema na Wakristo waliokuwa wakijitenga, waliomjua Kristo na Kanisa lake, kisha wakalivunja umoja kwa kuanzisha makundi yao. Neno lake lilikuwa onyo kwa walio mlangoni wakitaka kutoka.

Baadaye hali ya dunia ilibadilika. Karibu nchi zote zilizojulikana kwa Wakristo wa Ulaya zilikuwa zimesikia Injili, na watu wengi wakadhani kwamba hakuna tena binadamu asiyeisikia. Kwa dhana hiyo, aliye nje alionekana kuwa nje kwa kutaka mwenyewe. Ndiyo maana Mtaguso wa Florensi, mwaka 1442, uliweza kutamka kwa maneno makali mno kwamba wapagani na wengine walio nje ya Kanisa hawataupata uzima wa milele wasipojiunga nalo kabla ya kufa. Hatuyafichi maneno hayo, wala hayapaswi kufichwa. Yanapaswa kusomwa pamoja na yale ambayo waliyoyaandika walikuwa wanayajua, na yale ambayo hawakuyajua.

Hata hivyo, hata katika karne hizo mlango haukufungwa kabisa. Mt. Ambrosi wa Milano, mwaka 392, alipomzika Kaisari Valentiniani wa Pili aliyekufa akiwa bado anausubiri ubatizo, aliwafariji waombolezaji kwamba kile alichokitamani hakukikosa. Mt. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alijiuliza kuhusu mtu aliyelelewa porini asiyefikiwa na mhubiri. Akajibu kwamba mtu huyo akiifuata akili yake njema katika kutafuta wema na kukwepa uovu, Mungu hatamwacha: ama atamfunulia kwa ndani yale ya lazima kuyaamini, ama atamtumia mhubiri, kama alivyomtuma Petro kwa Kornelio. Na Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulipofundisha juu ya ulazima wa ubatizo, ulitaja pia hamu ya kuupokea.

BAHARI ZILIPOVUKWA

Mwaka 1492 Kristoforo Kolumbo alifika Amerika, na dhana ya kwamba Injili imekwisha kuenea kote ikaanguka siku moja. Kumbe mamilioni ya watu walikuwa wameishi karne kumi na tano baada ya Kristo bila kulisikia jina lake! Waalimu wa Kanisa wakalazimika kufikiri upya.

Mdominikani Francisco de Vitoria, akifundisha katika Chuo Kikuu cha Salamanca mwaka 1539, alisema kwamba wenyeji wa Amerika hawakuwa na dhambi ya kutoamini kabla ya kuhubiriwa. Akaenda mbele zaidi. Alisema kwamba hawakuwa na wajibu wa kuamini mara tu imani ilipotajwa mbele yao, kama haikuletwa kwa namna ya kuisadikisha akili na kusindikizwa na maisha mema ya wanaoileta. Na habari alizokuwa akizisikia kutoka huko, alisema, hazikuwa za mifano mitakatifu bali za makwazo na ukatili. Tukimsoma Vitoria tukiwa Bweranyange, tunaelewa mara moja: si kila mtu aliyeiona Biblia amehubiriwa Injili.

Upande wa Asia, Mt. Fransisko Ksaveri aliandika mwaka 1552 habari za Wajapani aliowabatiza. Walilia kwa uchungu walipoambiwa kwamba wazazi na mababu zao waliokufa hawakuwa na msaada tena, na mtakatifu mwenyewe aliona huzuni kuwaona rafiki zake wakilia hivyo. Machozi yale ya Japani ndiyo machozi ya Karagwe. Mkristo wa kwanza katika kila ukoo wa dunia amewahi kusimama mahali hapo, akiwa na furaha ya ubatizo mkono mmoja na majina ya wazee wake mkono wa pili. Miaka mia nne na zaidi imepita, na Kanisa limeendelea kuyatafakari machozi hayo mbele ya Msalaba.

MWAKA 1863

Kati ya hatua za tafakari hiyo tutaje chache. Mwaka 1713 Papa Klementi wa Kumi na Moja aliikataa kauli ya Wajanseni kwamba nje ya Kanisa haitolewi neema yoyote. Mwaka 1854 Papa Pio wa Tisa, akishika kwa uthabiti fundisho la Mababa, alisema kwamba asiyeijua dini ya kweli bila kosa lake hahesabiwi hatia mbele za Mungu. Tena akauliza ni nani awezaye kuweka mipaka ya kutojua huko, kwa kuwa mataifa, nchi na tabia za watu ni nyingi na ni mbalimbali.

Kisha, tarehe 10 Agosti 1863, katika barua kwa maaskofu wa Italia, Papa huyo huyo alifundisha jambo hilo waziwazi zaidi. Mtu asiyeijua imani pasipo kosa lake, anayeishika sheria ya asili iliyoandikwa na Mungu moyoni, aliye tayari kumtii Mungu na kuishi kwa unyofu, anaweza kuufikia uzima wa milele kwa nguvu ya mwanga na neema ya Mungu. Tazameni mwaka huo. Ni mwaka ule ule ambao kitabu cha Speke kilitoka na kuwajulisha wasomaji wa Ulaya habari za Rumanyika. Papa hakumjua Rumanyika, wala Rumanyika hakumjua Papa. Lakini wakati mfalme wetu akiwa hai Bweranyange, akitoa sadaka zake kama alivyofundishwa na baba zake, Khalifa wa Mtume Petro alikuwa tayari ameandika kwamba mtu wa namna hiyo hakuachwa nje ya mkono wa Mungu.

Katika karne ya 20 alitokea padre Mjesuiti wa Boston, Marekani, jina lake Leonard Feeney, aliyefundisha kwamba wote wasiobatizwa kwa maji na kuandikwa katika Kanisa Katoliki wamepotea. Tarehe 8 Agosti 1949 Ofisi Takatifu ya Roma iliandika kwa Askofu Mkuu wa Boston kwamba tafsiri hiyo si fundisho la Kanisa. Hamu ya kuwa ndani ya Kanisa yaweza kuokoa hata pale ambapo mtu haijui kwa jina, ikiwa imo ndani ya utashi wa kuyatii mapenzi ya Mungu, nayo inasukumwa na upendo. Padre Feeney hakutii, akatengwa na Kanisa mwaka 1953. Ashukuriwe Mungu, alipatanishwa kabla ya kufa. Aliyetaka kuwafungia wengine nje alijikuta yeye mwenyewe nje. Wanaohubiri moto juu ya makaburi ya wazee wetu wangelitafakari hilo.

MTOTO WA KAGERA KATIKA MTAGUSO

Tunafika sasa kwenye Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965. Kati ya mababa wa Mtaguso alikuwapo Laurean Kardinali Rugambwa, Askofu wa Bukoba, Kardinali wa kwanza mzawa wa Afrika, aliyeteuliwa na Papa Yohane wa Ishirini na Tatu mwaka 1960. Rugambwa hakuzaliwa katika nyumba ya Kikristo. Alizaliwa mwaka 1912 na kubatizwa mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka minane, siku moja na wazazi wake. Nyuma ya joho lake jekundu ulikuwapo ukoo mzima wa wazee waliokufa bila kusikia Injili. Kwa maaskofu wengi wa Ulaya suala la wasio Wakristo lilikuwa suala la watu wa mbali. Kwa mtoto huyu wa Kagera lilikuwa suala la babu zake.

Tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso ukiendelea, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu Mashahidi 22 wa Uganda, na katika mahubiri yake akawataja kwa heshima pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Kati ya hao 22 yumo Mt. Mukasa Kiriwawanvu, aliyeuawa Namugongo mwaka 1886. Alikuwa mkatekumeni. Maji ya ubatizo hakuyapata. Alibatizwa kwa damu yake. Ni kweli kwamba yeye alimkiri Kristo kwa kinywa, jambo ambalo Rumanyika hakupata nafasi ya kulifanya. Lakini kila tarehe 3 Juni Kanisa lote linatukumbusha, kwa jina la jirani yetu huyu, kwamba Mungu aliyefunga wokovu na Sakramenti ya Ubatizo, yeye mwenyewe hakufungwa na sakramenti zake.

Mwezi mmoja na siku chache baadaye, tarehe 21 Novemba 1964, ilipitishwa Konstitusio juu ya Kanisa, Lumen Gentium, kwa kura 2,151 dhidi ya 5. Namba yake ya 16 inawataja Wayahudi, watu wa Agano la kwanza. Inawataja Waislamu, wanaomwabudu pamoja nasi Mungu mmoja. Inawataja wale wanaomtafuta Mungu asiyejulikana katika vivuli na sanamu. Tena inawataja hata wale ambao, pasipo kosa lao, hawajafikia bado kumkiri Mungu waziwazi, lakini wanajitahidi kuishi maisha mema, jambo ambalo haliwezekani bila neema. Wote hao, ikiwa wanaitika neema kwa dhamiri nyofu, wanaweza kuufikia wokovu. Wema na ukweli unaoonekana kwao, Kanisa linauhesabu kuwa ni maandalio ya Injili. Mwaka uliofuata, katika Gaudium et Spes namba 22, Mtaguso ulieleza sababu yenyewe: Kristo alikufa kwa ajili ya wote, na kwa hiyo yatupasa kushika kwamba Roho Mtakatifu anawapa wote, kwa namna anayoijua Mungu, nafasi ya kushirikishwa fumbo la Pasaka.

Wazee wetu walimjua Muumba kwa jina la Ruhanga. Waliheshimu wazazi, walimpokea mgeni, walimlea yatima, waliogopa kiapo cha uongo. Walikuwa pia na giza lao, kama kila taifa. Mtume Paulo, katika sura ya pili ya Waraka kwa Warumi, anaeleza juu ya watu wa mataifa ambao hawakupewa Torati lakini wanayo sheria mioyoni mwao, na dhamiri yao itawashuhudia au kuwashitaki siku Mungu atakapohukumu siri za wanadamu. Hayo ndiyo mahakama ya wazee wetu, na Hakimu wake ni yule aliyesulubiwa kwa ajili yao.

YALE AMBAYO KANISA HALISEMI

Ndugu wapendwa, fundisho hili lina makali yake, wala tusilifanye mto wa kulalia.

Kwanza, Kanisa halisemi kwamba wapo wanaookolewa bila Kristo. Rumanyika akiwa ameokoka, ameokolewa na Yesu wa Nazareti, ambaye hakulijua jina lake. Mwenye heri Ruhanga wa wazee wetu hana njia nyingine ya kuwafikia wanadamu ila Mwana wake. Tamko Dominus Iesus la mwaka 2000 lilikumbusha kwa nguvu kwamba Mpatanishi ni mmoja, na kwamba dini hazina uzito sawa kana kwamba mtu achague apendavyo.

Pili, Kanisa halisemi kwamba wote wameokoka. Namba ile ile ya 16 inamalizia kwa kuonya kwamba mara nyingi wanadamu hudanganywa na yule Mwovu, wakabadilisha ukweli wa Mungu kwa uongo. Ndiyo maana utume wa kuhubiri haukukoma. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Redemptoris Missio ya mwaka 1990, alishika mambo yote mawili kwa pamoja: neema yaweza kuwafikia wasiolijua Kanisa, na Kanisa halina ruhusa ya kunyamaza. Mtu mwenye kuona njia gizani kwa mwanga wa nyota hamchukii anayemletea taa.

Tatu, na hili ndilo linalotugusa sisi zaidi, namba ya 14 ya hati hiyo inawageukia Wakatoliki wenyewe. Aliye ndani ya Kanisa kwa mwili tu, asiyedumu katika upendo, haokoki. Tena atahukumiwa kwa ukali zaidi, kwa sababu amepewa zaidi. Hapa kwetu maneno hayo yaliandikwa juu ya maji. Mwaka 1994 mto Kagera, unaotutenganisha na Rwanda, ulibeba maiti za watu waliouawa katika mauaji ya kimbari, ukazipeleka hadi Ziwa Viktoria. Maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walipokelewa Karagwe. Wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa. Na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa vilevile, majina yao yakiwa yameandikwa vizuri katika vitabu vya parokia. Walijua amri ya upendo kwa moyo. Na ile dhana ya mbari bora na mbari duni, ambayo Speke aliitafutia ushahidi katika Biblia mbele ya Rumanyika, ilikuwa miongoni mwa sumu zilizonywewa.

Tukiitazama historia hiyo, swali letu la mwanzo linageuka. Tulikuwa tunauliza kama Rumanyika, asiyesikia, anaweza kuokoka. Injili inatuuliza sisi tuliosikia: je, sisi? Bwana wetu alikwisha kusema kwamba watu wa Ninawi na malkia wa Kusini watasimama siku ya hukumu pamoja na kizazi kilichomsikia, nao watakihukumu. Yawezekana siku hiyo mzee asiye na jina la ubatizo, aliyempa mgeni chakula chake cha mwisho, akasimama mbele ya mjukuu wake Mkatoliki aliyemdhulumu mjane kibanja. Fundisho la Mt. Sipriani halijafutwa. Limerudi mahali pake: ni onyo kwa walio ndani, wala si hukumu iliyotolewa juu ya makaburi.

TUFANYE NINI BASI?

La kwanza, tuwaombee wazee wetu bila woga. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 901, inampa padre uhuru wa kuadhimisha Misa kwa ajili ya mtu yeyote, awe hai au amefariki. Haikuweka sharti la ubatizo. Na katika Sala ya Ekaristi ya Nne, Kanisa halikomei kwa waliokufa wakiwa Wakristo. Linawataja mbele za Mungu hata wafu ambao imani yao hakuna aliyeifahamu ila yeye. Kwa hiyo leteni majina yenu yote, ya Kilatini na ya Kinyambo. Mkristo wa kwanza katika ukoo ndiye padre wa ukoo wake kwa namna fulani: amepewa ubatizo si kwa ajili yake tu, bali ili awe na kinywa cha kuwaombea wale wasiopata nafasi hiyo.

La pili, tuwaombee, tusiwaabudu wala kuwaogopa. Anayerudi kwenye kubandwa ili kuwatuliza wazee anawadharau, kwa kuwa anawadhania kuwa maadui wa watoto wao. Wazee wetu hawahitaji pombe ya kaburini. Kama wanahitaji kitu, ni huruma ya Mungu, na Misa ni bahari ya huruma hiyo.

La tatu, tusiwahukumu majirani zetu walio hai. Tunaishi pamoja na Walutheri, Waanglikana, Waislamu, na wengine wasiosali popote. Ijumaa Kuu tunawaombea wote, hata wasiomwamini Mungu. Si juu yetu kujua nani yumo katika kitabu cha uzima. Juu yetu ni kuishi kwa namna ambayo Kristo ataaminika kwa anayetutazama, ili asije mtu akaiona Biblia mikononi mwetu na kuikosa Injili, kama ilivyotokea Bweranyange.

Tumwombe Bwana awapokee wazee wetu wote, waliomtafuta kwa kupapasa katika vilima hivi vya Karagwe na Kyerwa, na atupe sisi, tulioonyeshwa uso wake, neema ya kudumu katika upendo hadi mwisho.

Raha ya milele uwape, ee Bwana. Amina.